Rahmuna, Muuza Bangi ya Halali

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeing'ang'ania milima ya Rif, Rahmuna Bouzian anapanga bidhaa kwenye rafu za duka la ushirika, juu kidogo ya mji mdogo wa Bab Berred. Mafuta ya kudondoshea chini ya ulimi, sabuni, marhamu ya viungo. Vyote vimetokana na bangi, na kila kimoja kina namba ya kibali.

Mteja wa kwanza ni jirani yake, mzee Abslam, anayechechemea.

"Binti, nipe ile ya kupanda kichwani."

"Hiyo sheria bado inaikataa, baba. Hapa kuna ya kushuka magotini tu."

Mzee anacheka mpaka anakohoa, kisha anaondoka na marhamu ya dirhamu sitini.

Rahmuna, mwenye miaka hamsini na miwili, amelima bangi tangu utotoni, enzi ambazo kila mavuno yalikuwa ya kuficha. Mumewe, Allal, alitolewa hati ya kukamatwa, akakimbilia milimani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akija nyumbani kwa kuibia.

"Binti yetu wa mwisho alikuwa akimwita 'mgeni,'" anasema. "Mbele ya watoto nacheka. Nikifika zizini, nalia."

Sheria ikabadilika. Bangi ya dawa, vipodozi na virutubisho ikaruhusiwa, kwa mkulima mwenye leseni anayeuza kupitia ushirika. Hati ya Allal ikafutwa, akarudi. Woga ndio haukufutika.

Msimu uliopita, askari walipofika kukagua mavuno, Allal aliruka dirishani akatokomea kwenye mahindi. Rahmuna akatoka uani, akapaza sauti askari wakisikia:

"We Allal! Rudi bwana! Wanataka sahihi yako, hawakutaki wewe!"

Akarudi na matope mpaka magotini, akatia sahihi. Askari mmoja akamkung'uta majani begani. "Pole, mzee wangu. Mzigo wako uko sawasawa."

"Siku hiyo alikunywa supu ya bisara, ile ya maharagwe, bakuli tatu," Rahmuna anakumbuka. "Nikajua sasa mume wangu amefika nyumbani."

Ushirika unasubiri kibali cha kupeleka mafuta yake kwenye maduka ya dawa ya mji wa Fez. Kikitoka, Rahmuna ameomba shehena ya kwanza aisindikize yeye na Allal.

"Hajawahi kuiona Fez. Nataka tupite katikati ya soko, mchana kweupe, nimemshika mkono. Anayetaka kutucheka, atucheke."