Fizi za Fundi Philister

Siku niliyomwona Philister Awiti mara ya kwanza, alikuwa ameinama juu ya cherehani akikata uzi kwa meno. Nilikuwa nimefika Riruta na sanduku langu la kushona viatu, na mwenye kibanda, mzee Kiarie, alikuwa amenionyesha nusu ya chumba cha mabati kilicho kando ya Naivasha Road. Nusu ya ndani ilikuwa ya huyo mama, ya mlangoni ikawa yangu. Katikati palikuwa na pazia tu. Hakuniangalia mpaka uzi ulipokatika.

"Wewe ndiye fundi wa viatu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi ni fundi. Basi tutaitana Fundi, tusisumbuane na majina. Na hiyo gundi yako ufungulie upande wa barabara, isinukishe nguo za watu."

Nilifurahi, kwa sababu mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la nane, na kwa kazi yangu nimezoea kuangalia miguu ya watu kuliko nyuso zao. Philister alikuwa na maneno ya kututosha sote wawili. Alikuwa mjane kutoka Ugenya, na binti yake Ivyne alikuwa shule ya bweni huko kwao. Chumba hakikuwa na dirisha. Ili yeye atoke, ilibidi mimi niinuke na kusogeza stuli.

Mwaka wa pili nilianza kuona mambo. Akimpima mteja mabega, alisimama nyuma yake, na akitaka kushusha pumzi aligeukia ukuta. Alitafuna karafuu kutwa. Akicheka, alijiziba mdomo kwa tepu ya kupimia. Na uzi mweupe aliokata ulibaki na ncha nyekundu.

"Fundi, unatoka damu," nilimwambia siku moja. Kabla ya kusema hivyo nilikuwa nimefikiri wiki nzima.

"Ni fizi tu. Nyanya yangu alitolewa meno sita ya chini akiwa msichana, ndivyo walivyofanya kwetu zamani, na alikula samaki mpaka akazikwa. Mimi nangoja yangu yatoke yenyewe."

Kesho yake nilinoa mkasi mdogo, nikaufunga kwa kamba kwenye cherehani yake. Alinishukuru. Kwa siku tatu aliutumia. Halafu mkono ukasahau, mdomo ukarudi kazini. Alisema mama yake ndiye aliyemfundisha kushona hivyo: mikono miwili iko kwenye kitambaa, wa tatu ni meno.

Mwezi wa tano akapata kazi ambayo hakuwahi kupata: blauzi nyeupe ishirini na nane za akina mama wa kanisa moja pale pale mtaani, za kuvaa Jumapili ya sherehe yao. Mwenyekiti wao, Mama Njambi, alimwambia wakiridhika, kanisa lote litashonewa kwake. Bila kazi hiyo Ivyne angerudishwa nyumbani kwa kukosa karo kabla ya mtihani. Philister aliacha hata kwenda kula. Kutafuna kulimuuma, kwa hiyo alikunywa uji uliopoa.

Jioni moja alifungua pazia akaketi kwenye stuli ya wateja wangu.

"Fundi, wewe huongei na watu. Ndiyo maana nimekuchagua." Akanipa kadi. "Nina virusi, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Dawa nachukua hospitali ya mjini, mbali na macho ya hapa. Kesho ndiyo siku, na nikitoka hapa hizi nguo haziishi. Nimewapigia simu, wamekubali nitume mtu. Utaingia mlango wa kijani, mwisho wa ukumbi, ule wa dawa hizo tu."

Niliiweka kadi mfukoni. Nikasema, "Sawa."

Nilienda mjini nikiwa nimevaa koti langu la kanisani. Muuguzi alinipa dawa, lakini sikuondoka. Nikamuuliza nikiangalia meza, je, mtu akitoka damu kwenye fizi, na mdomo ukinuka, ni kwamba dawa zimekataa kufanya kazi?

"Si lazima," akasema. "Dawa zake zinafanya kazi vizuri, vipimo vya juzi vinaonyesha. Niambie, anapiga mswaki?"

"Ameacha. Anasema akipiga zinatoka damu, kwa hiyo anaziacha zipone."

"Hapo ndipo watu wengi hukosea. Zinatoka damu kwa sababu kuna uchafu umeganda chini ya fizi. Apige mswaki laini, asubuhi na jioni, hata damu ikitoka. Lakini uchafu huo daktari wa meno ndiye wa kuukwangua. Mwenye virusi asichelewe, kwake fizi zinaweza kuharibika haraka, meno yakalegea. Daktari yuko hapa hapa kila Alhamisi, na faili yake tunayo. Hatalazimika kumweleza mtu upya."

Nilirudi nimebeba maneno hayo yote bila kuacha moja. Nilimnunulia na mswaki laini.

Philister alisikiliza akizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. "Alhamisi," akasema. "Alhamisi ndiyo akina mama hutoka kwa maombi wakaja kupimwa. Wakipata kibanda kimefungwa watauliza nimeenda wapi. Na foleni ya meno iko kwa ukumbi, kila mtu anapita. Nikimaliza blauzi, Fundi. Alhamisi ya kwanza baada ya blauzi."

Alhamisi tatu zikapita. Siku hizo jino moja la mbele lilikuwa limeanza kutikisika. Nilimwona akilisukuma kwa ulimi.

Siku ya kuchukua nguo, akina mama watano walikuja saa sita, na Philister alikuwa bado anashona vifungo vya blauzi ya mwisho. Nilikuwa upande wangu, nimeshika kiatu. Nilisikia cherehani ikinyamaza, nikasikia uzi ukikatika bila mlio wa mkasi.

"Hii ni nini kwa kola?" Mama Njambi akauliza. "Philister, si hii ni damu?"

Niliweka kiatu chini. Niliinuka nikafungua pazia.

"Ni yangu," nikasema.

"Yako imefikaje kwa nguo yetu?"

"Nilikuwa namsaidia vifungo. Nikajidunga." Nikawaonyesha kidole gumba. Kidole gumba cha fundi viatu hakikosi kidonda.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mama Njambi alinitazama kwanza, halafu akawageukia wenzake. "Huyu ndiye niliwaambia. Nilikuwa nimempeleka mama mkwe wangu hospitali, nikamwona huyu akitoka mlango wa kijani na mfuko wa dawa."

Wale mama wakasogea nyuma, na chumba hakikuwa na nyuma ya kusogea.

"Philister, wewe ni mpole sana, hujui umekaa na nani," Mama Njambi akasema. "Hiyo moja utashona upya. Lakini nguo za kanisa haziwezi kukaa chumba kimoja na huyu. Ama yeye, ama sisi."

Nilimtazama Philister usoni, jambo ambalo sikuwa na mazoea nalo. Neno moja lingetosha. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na koo lake lilipanda na kushuka. Nilijua alichokuwa anameza.

Sasa nashona viatu Waithaka, nje ya duka la chakula cha kuku. Habari ilinitangulia, wapo wanaonipa kiatu kwa ncha za vidole. Ningeweza kwenda kupimwa nikawaonyesha karatasi, lakini karatasi hiyo ingewafanya waulize dawa zilikuwa za nani. Kwa hiyo sijaenda. Mara mbili nimepita Riruta upande wa pili wa barabara, siku ya Alhamisi, nikitumaini kukuta kibanda kimefungwa. Mara zote mbili kilikuwa wazi.

Siku ile sikubishana nao. Nilipanga nyundo, sindano na gundi kwenye sanduku. Akina mama walisubiri mlangoni, juani, wamekunja mikono. Nilipoinua stuli yangu iligonga meza ya Philister, na blauzi ya juu kabisa ikateleza ikaanguka karibu na mguu wangu. Niliinama niiokote.

Alikuwa na tepu ya kupimia mdomoni. Akaishusha kidogo, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Wewe, usiguse hizo nyeupe."