Siku Babu Alipovuka Mabua

Jana, nikipita shambani Iguguno, harufu ya mabua makavu ya alizeti ilinikumbusha babu akiwa amesimama ndani karibu na mlango, miguu imegoma.

Alikuwa akitetemeka kwa miaka mingi. Majirani walisema karogwa. Mama ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamkokota kila miguu ilipoganda. Siku ile mama aliketi chini, akamwambia babu, "Nimechoka, baba. Nisamehe."

Asubuhi hiyohiyo alifika mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya mjini, mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye kope. Alimpa babu shikamoo yake, akamtazama miguu kwa muda, kisha akaomba mabua. Akayalaza sakafuni moja baada ya jingine, kuelekea mlangoni.

"Babu, usiwaze kutembea. Wewe vuka bua tu. Miguu iliyoganda huamka ikiona kitu cha kuvuka."

Babu akainua mguu. Akavuka la kwanza, la pili, mpaka akatokea uani kwenye jua, peke yake.

Nilidhani mama angepiga vigelegele. Aliegemea ukuta, usingizi ukamchukua palepale, mdomo wazi. Mtaalamu aliweka kidole kwenye midomo yake, kunionya nisimwamshe. Kisha naye akavua viatu, akaketi kando yake.