Namba ya pasipoti imemnyima dada likizo

Leo nimemfanya mtu awe mgeni Jeddah baada ya miaka minne ya kazi.

Mfumo wa kompyuta wa ofisi yetu ya wafanyakazi wa nyumbani niliujenga mimi. Niliamua kila mtu atambuliwe kwa namba ya pasipoti.

Mwenzangu alinionya: "Pasipoti hubadilika. Acha mfumo umpe kila mtu namba yake isiyobadilika." Nikampuuza.

Asubuhi dada Rehema, mfanyakazi wetu wa miaka minne, amekuja kuomba likizo, na pasipoti mpya.

Mfumo ukaonyesha ameanza kazi leo, na aliye mpya hapewi likizo.

Nikamwambia bosi kosa ni langu, nikamwonyesha rekodi ya zamani.

"Mfumo unasema ni mpya. Halas, imekwisha. Likizo mafi, hakuna," bosi akajibu.

Rehema akaniangalia. "Kaka, nimeshafunga sanduku."

Amerudi kazini kwa madam wake.

Nyinyi mngemjibu nini?