Kisa Kirefu Nyuma ya Pazia

Wiki nzima kabla ya mtihani wa leseni sikulala vizuri, na si kwa sababu sikusoma. Nilisoma mpaka kurasa zikaanza kuachia. Kilichoninyima usingizi ni swali moja: je, mimi ninajua kutibu, au ninajua kujibu maswali ya kutibu? Darasani mambo hayo mawili yalionekana kuwa kitu kimoja. Nikiwa kitandani peke yangu niliyatenganisha, na nikishayatenganisha sikuweza tena kuyaunganisha.

Ninawaandikia ninyi mnaojiandaa sasa. Nina miaka michache tu kazini, sijafika umri wa kusimulia historia, lakini utaratibu wa mtihani umeshabadilika, na wanafunzi wanaoletwa kwangu hunisikiliza kana kwamba nazungumzia enzi za Wajerumani. Basi acha niueleze ulivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza kushika mgonjwa ilikuwa Tunduma, katika kituo cha afya kilichokuwa mbali kidogo na foleni ya malori. Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Chuo kilitupeleka kwa mafunzo ya vitendo, nami nikakabidhiwa kwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini aliyevaa koti jeupe juu ya sweta hata mchana wa jua. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa dereva wa lori aliyekwama mpakani akisubiri karatasi zake. Alikuwa na homa. Nilimuuliza homa ilianza lini, inapanda wakati gani, analala wapi, anakula nini, amewahi kuongezewa damu, na babu yake alikufa kwa ugonjwa gani. Kwenye babu, dereva akamgeukia Mfawidhi.

"Daktari, huyu binti ni wa hospitali au wa forodha? Maana hata kule hawajanichambua hivi!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mmoja akasema nimuulize pia ameficha nini chini ya kiti cha lori. Mfawidhi hakucheka. Aliniagiza nimpime joto, kisha nimtoboe kidole damu yake ikapimwe malaria. Dereva alipoondoka na dawa zake, Mfawidhi aliniita pembeni.

"Maswali yako ni mazuri, binti yangu. Lakini nusu yake unauliza ili wewe utulie. Mgonjwa hayuko hapa kukutuliza."

Sentensi hiyo niliibeba, nikaitafuna miezi mingi. Nilijiuliza kama alinisifu au alinikaripia, na kama alinikaripia, je, alimwandikia mkuu wa chuo?

Kutoka Tunduma nilipelekwa zahanati moja upande wa Galula, ambako tulifika kwa pikipiki na vumbi lote mwilini. Wachimbaji wadogo na wakulima walikuja na malaria za kurudiarudia, kwa hiyo huko ndiko nilikojifunza wengu. Wengu ni kiungo kinachojificha chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtu mzima wa afya, mkono haukipati. Kikivimba, hushuka kuelekea kitovu. Muuguzi aliyesimamia zahanati ile alinishika kiganja akakiweka chini kabisa ya tumbo la mgonjwa, upande wa kulia.

"Anzia huku chini, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto," alisema. "Ukianzia juu, wengu mkubwa utakuwa umeukalia na utasema haupo. Na usiseme umeuona kama hujauona. Mkono ndio unaoona."

Sasa mtihani wenyewe. Ulikuwa wa siku nzima. Asubuhi tuliandika karatasi ndefu, maswali yanayoanza na "mgonjwa amefika kwako akiwa," mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana ulikuwa wa kile tulichokiita kisa kirefu. Kwa zamu, kila mtahiniwa alipewa mgonjwa mmoja wa kweli, akaachwa naye nyuma ya pazia kwa saa nzima. Unamhoji, unampima mwili mzima, kengele ikilia unakwenda mezani kwa watahini kueleza ana nini na utamtibu vipi. Masharti yalisomwa kwa sauti: usimpe mgonjwa kitu chochote, usitoke nje ya pazia kabla ya kengele, ukitoka muda wako umekwisha. Aliyefeli kisa kirefu hakupata leseni hata kama karatasi ya asubuhi aliipasua kwa alama za juu. Alisubiri duru nyingine. Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi kituoni kwa Mfawidhi, na bila leseni nafasi hiyo ingekwenda kwa mwingine.

Tulingoja nje ya wodi katika makoti yaliyopigwa pasi. Wengine walisali. Mmoja alikuwa akitapika nyuma ya tangi la maji, na hakuna aliyemshangaa. Mwenzangu Simbeye, kijana wa Tunduma aliyefanya mzaha hata msibani, alipita akitugawia hofu.

"Dada, umesikia? Wagonjwa wengine wanafundishwa kuigiza. Duru iliyopita mmoja alijifanya anazimia, mtahiniwa akalia yeye."

"Nani amekwambia?"

"Watu."

"Watu gani, Simbeye?"

"Ona sasa, umeanza forodha yako," alisema, na wote wakacheka, maana habari ya dereva nilikuwa nimewasimulia mwenyewe.

Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo kutoka Iyula, mkulima wa kahawa, amejifunga kitenge kipya kama mtu aliyealikwa harusini. Nilimsalimia kwa Kinyiha, lugha ya kwao, na uso wake ukafunguka. Tukaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu watahini wangetaka maneno yake kama alivyoyasema. Aliniambia ana uzito tumboni upande wa kushoto, wa miaka, na kwamba aliwahi kulima Galula. Nikaandika. Aliniambia pia ana sukari.

"Unatumia dawa, mama?"

"Vidonge. Leo nimemeza alfajiri, hivyo siachi mimi."

"Na umekula nini?"

"Sijala. Si wamesema nije kupimwa? Mtu anakuja kupimwa ameshiba?"

Hospitalini huambiwa hivyo mara nyingi kabla ya vipimo vya damu, na yeye alifuata kama mtu makini. Hakuna aliyemdanganya. Niliandika: hajala. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, nikaandika: anatokwa jasho. Nakumbuka nilifurahi, kwa sababu jasho ni dalili, na dalili ni alama. Nilianza kupanga kichwani magonjwa yote yanayoleta jasho. Nilikuwa nimefika la tano ndipo nikatazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka juu ya kitenge.

"Mama, unajisikiaje sasa hivi?"

"Atu," alisema, "ndoo umeiweka wapi?"

Mimi siitwi Atu. Hapakuwa na ndoo.

Jibu lilikuwa rahisi, na kila mmoja wenu anayesoma hapa amekwisha kulipata: vidonge vya sukari juu ya tumbo tupu, sukari imeshuka. Lakini mtihani hukufanyia jambo fulani akilini. Kila kitu kinageuka kuwa swali lililotungwa na mtu. Nilimkumbuka Simbeye na waigizaji wake. Kama mama huyu anaigiza, nikatoka nje ya pazia, nimefeli kwa kudanganywa kitoto. Kama haigizi, nikabaki, atapoteza fahamu mbele yangu huku nimeshika kalamu. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuigiza jasho. Nilimgusa shingoni. Lilikuwa baridi.

Nikavuta pazia.

Muuguzi msimamizi alikuwa ameketi mlangoni. "Wewe, rudi! Kengele bado. Ukitoka umemaliza."

"Nimemaliza. Naomba sukari na kipimo chake. Mgonjwa amechanganyikiwa."

Hakuniuliza mara ya pili, na kwa hilo nitamheshimu daima. Yeye alikimbilia kipimo, mimi nikachukua chai ya wauguzi iliyokuwa mezani, nikaimiminia sukari mpaka ikawa kama uji. Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Nilimwinua nikamnywesha kidogokidogo, akilalamika kwamba Atu hajui kupika chai. Kipimo kilionyesha sukari iko chini sana. Tulimpa chai zaidi, kisha mkate. Taratibu macho yake yalirudi, akaniangalia, akaangalia kitenge chake kilicholowa.

"Mwanangu, nimekuharibia mtihani?"

"Hapana, mama. Kula mkate."

Kengele ililia nikiwa bado namshikia kikombe. Muuguzi alisema atakaa naye, mimi niende mezani, kwani mtahini mkuu ameagiza niende na nilichonacho. Kwenye korido Simbeye alikuwa anatoka kwa watahini, amelowa kuliko yule mama. Alinishika mkono wa koti.

"Yule mama wa dirishani ndiye wako? Ni wengu, dada. Mkubwa, umevuka kitovu. Aliyempata kabla yako amesema wengu na watahini wakaitikia kwa kichwa. Sema wengu."

"Sijampapasa."

"Nani atajua? Sema wengu, ukale ugali kwa amani."

Wanaoniuliza leo huuliza kwanza kama nilifaulu. Kisa kirefu nilikirudia duru iliyofuata, nikapata leseni, na Mfawidhi alikuwa amenishikia nafasi yangu kwa manung'uniko mengi. Lakini pale koridoni sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba jibu sahihi ninalo mdomoni, na kwamba hali yote ya mgonjwa inalikubali: uzito wa kushoto, wa miaka, Iyula anakoishi na Galula alikowahi kulima. Ningeweza hata kueleza jinsi ya kuupapasa, kuanzia chini kulia. Nilijiambia kwamba kusema kitu cha kweli hakuwezi kuwa uongo. Kisha nikajiambia kwamba ninajidanganya. Halafu nikajiuliza kama kukataa nako si majivuno. Mlango ulifunguliwa kabla sijamaliza.

Watahini walikuwa wawili. Mtahini mkuu, daktari bingwa mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliniashiria niketi. Nilieleza historia ya mgonjwa, sukari kushuka, nilichofanya na kwa nini. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema: "Hiyo ni dharura, na umeihudumia. Lakini mgonjwa huyu hakuletwa hapa kwa sababu ya sukari. Tumbo lake?"

Mtahini wa pili alikuwa ameinamia karatasi, kalamu tayari. Nilifungua mdomo na neno lilikuwepo, fupi, la silabi mbili.

"Tumbo sikulipapasa," nilisema.

Mtahini wa pili aliinua kichwa. "Hukulipapasa, au hukupata kitu?"

"Sikulipapasa, daktari. Nimesikia huko nje kwamba ana wengu, lakini mkono wangu haujaugusa. Siwezi kusema ninaujua."

"Kwa hiyo sisi tukupe alama za nini?" aliuliza mtahini mkuu. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli.

"Za nilichofanya. Na naomba ruhusa nitoke. Vidonge alivyomeza vinakaa mwilini muda mrefu, sukari yake inaweza kushuka tena baada ya ile chai. Anatakiwa kupimwa tena sasa."

Walitazamana. Sikungoja wamalize. Nilirudisha kiti chini ya meza, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kitanda cha dirishani, na kumwomba mama kidole chake.