Ng'ombe wa Kielelezo

Hapa Bariadi hakuna asiyejua kuwasema polisi. Mama ntilie anawasema akigeuza chapati, bodaboda anawasema akiwa amesimamishwa na akiwa hajasimamishwa, na sisi walimu tunawasema kila chai ya saa nne, mdomo umejaa andazi. Niliamini kwamba watu wanaolalamika hivyo, siku wakimpata askari mmoja wa kusema ukweli, watambeba juu juu. Niliamini hivyo mpaka askari huyo akawa mdogo wangu.

Alikuwa koplo kwenye kituo ambacho sitakitaja. Ng'ombe wa wizi wakikamatwa hukaa kwenye zizi la kituo, wanaitwa kielelezo, mpaka kesi iishe. Mwaka ule sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, walifuata nyayo siku mbili hadi porini huko Meatu, wakawarudisha ng'ombe wote wa jirani yetu na kuwakabidhi kituoni. Jirani ni mtu mzima, lakini alipowaona alilia mbele za watu, akawa anawagusa mmoja mmoja. Kesi ikaanza kupigwa kalenda.

Mdogo wangu kila akipita zizini anaona kitu hakiko sawa. Idadi ni ileile, ila dume mweusi mwenye baka jeupe shingoni hayupo, na mahali pake amesimama ndama aliyekonda, mbavu zinahesabika. Wiki nyingine amebadilika jike mwekundu. Wenzake walijua mkubwa akija kukagua atahesabu vichwa, alinganishe na rejista, aondoke. Walichosahau ni kwamba huyu koplo alichunga kabla hajaanza darasa la kwanza. Mtoto wa Kisukuma aliyechunga hahesabu ng'ombe, anawajua: rangi, pembe, mkato wa sikio, hata anavyotembea. Waliona sare wakadhani mchungaji ameisha.

Aliandika maelezo, kurasa nne, akayapeleka ngazi ya juu bila kupitia kwa mkuu wake wa kituo.

Habari ilipofika mjini, kwa muda mfupi nilikuwa dada wa shujaa. Mwalimu mwenzangu alinilipia chai. Fundi aliyenishonea sare za wanangu alisema, "Huyo ndiye askari! Wangekuwa kumi tu kama yeye, nchi ingenyooka." Hata mkuu wake alipomsimamisha kazi na kumshtaki kijeshi kwa kutoa siri za kazi, watu walizidi kumsifu. Mdogo wangu akampeleka mkewe na watoto kijijini kwa mama, akakaa nao huko kusubiri kesi yake, na kila siku kulikuwa na mtu wa kumletea kuku au mahindi mabichi.

Mimi sikujua kilichoandikwa kwenye ukurasa wa nne.

Wapelelezi walipokuja kijijini, walimsomea mtemi wa sungusungu ukurasa huo. Ulisema kwamba yule dume mweusi hakuuzwa mnadani kama wengine. Alichinjwa palepale kijijini, kwenye sherehe ya sungusungu, na mtemi ndiye aliyeweka dole gumba kituoni kuthibitisha kwamba ng'ombe wote wapo. Polisi walichukua wao, kijiji kikapewa chake. Nusu ya kijiji ilikuwa imekula ile nyama. Mama yangu aliletewa mbavu. Mimi nilikwenda kumsalimia Jumapili ile, nikala, nikajilamba vidole. Kama jirani naye alikula sijui, na sijathubutu kumwuliza.

Mkutano wa sungusungu uliitishwa kesho yake asubuhi. Uamuzi haukuchukua muda: nyumba yetu itengwe. Asiyetoka kwetu anaweza kudhani kutengwa ni kununiwa. Kutengwa ni kwamba hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuazima jembe wala kukupa kaa la moto, hakuna anayekuja ukiumwa. Anayekiuka anatozwa ng'ombe. Mama akifika lambo kuchota maji, wanawake wanainua ndoo zao nusu nusu na kuondoka. Wifi yangu alipeleka mahindi mashineni, mwenye mashine akamwambia imeharibika, huku inaunguruma nyuma yake na unga unamwagika. Wanajumuiya waliokuwa wanasali nyumba kwa nyumba wakaruka nyumba yetu. Mungu naye, nadhani, aliogopa kutozwa ng'ombe.

Kule mjini nako chai ya bure ilikwisha. Yule mwalimu aliyenilipia akaniuliza, "Na yeye alikula ngapi kabla hawajakosana?" Fundi akasema mdogo wangu angeomba tu uhamisho kimya kimya, kwani kuna ulazima gani wa kuandika? Nilimkumbusha maneno yake kuhusu askari kumi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, nilikuwa nasema polisi. Sikusema watu wa nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa tunachotaka sisi. Tunataka askari atakayewaumbua askari wenzake, kisha akifika mlangoni kwetu afumbe macho.

Mdogo wangu hakutikisika. Alikuwa analima, anachota maji mwenyewe, anasubiri siku ya kesi. Aliyetikisika alikuwa mama. Alikuwa na presha, miguu ikaanza kuvimba, na hofu yake haikuwa kufa. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, nikifa leo mtanizika na nani? Nani atachimba?" Nikamwambia nitaleta walimu wenzangu. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto. Katika maisha yake yote hajakosa msiba wa mtu, na sasa alikuwa anaona kaburi lake likichimbwa na wageni wa kukodi.

Kutengwa kuna njia ya kutokea. Unatoa ng'ombe wa faini, unasimama mbele ya mkutano, unakiri kosa, unasamehewa. Mtemi alituma neno kwamba ng'ombe wa faini wangeweza kutupunguzia, wanachotaka ni kauli tu. Koplo aseme kwamba ukurasa wa nne ni uongo.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Nilimkuta shambani, anapalilia pamba peke yake, safu ndefu ambazo miaka mingine tungemaliza na majirani kwa asubuhi moja.

"Dada," alisema, "nikikana ukurasa mmoja nimekana yote. Wale wa kituoni wanasubiri hicho tu."

"Mama anaumwa."

"Najua mama anaumwa. Naishi naye."

"Basi sema. Maneno tu hayo."

"Maneno tu," akarudia, akaendelea kupalilia.

Nilibaki pale nikaongea. Nilimwambia habari za watoto wake wasio na wa kucheza nao. Nilimwambia kazi atapata nyingine, mama hatampata mwingine. Nilimwambia mkubwa ni mimi na baba hayupo, kwa hiyo anisikilize kama baba. Nilitumia kila kitu nilichokuwa nacho, na mimi ni mwalimu, najua kumchosha mtu mpaka akubali. Jua lilipoanza kuunguza akaweka jembe begani akasema, "Haya."

Alisimama mkutanoni akiwa na shati safi. Sauti ilikuwa ileile ya kazini, iliyonyooka. Alisema hakuna ng'ombe aliyeliwa kijijini, aliandika kwa hasira, anaomba radhi. Watu walipiga makofi. Jirani yetu mwenye ng'ombe, yule aliyelia, alipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa nguvu, ili waone kwamba familia iko pamoja nao. Mtemi akaja akampa mkono na kumsalimia, "Mwadila," naye akaitikia. Jioni ile wanawake walimletea mama uji, wakakaa mpaka jua likazama, wakicheka kana kwamba walikuwepo jana na juzi.

Nakala ya muhtasari wa kikao cha kijiji ilifika mkoani mapema kuliko nilivyodhani barua inavyoweza kusafiri. Mdogo wangu alifukuzwa kazi kwa kutoa maelezo ya uongo. Wale wa kituoni walirudi kwenye meza zao. Ng'ombe waliobaki, wale waliokonda, walikabidhiwa kwa jirani, akatia sahihi kwamba ni wake.

Siku alipopata barua ya kufukuzwa nilikwenda kumpa pole. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaniwekea kigoda, akaniuliza habari za watoto wangu. Kisha akauliza swali moja.

"Dada, nilichoandika, wewe uliamini?"

Nikamwambia niliamini tangu siku nilipokisikia, kila ukurasa. Nilidhani hilo litampa faraja.

"Afadhali ungekuwa hukuamini," alisema, akainuka kwenda kufunga ndama.