Kifungo cha Fundi wa Dohani

Fundi wa dohani, anayesafisha na kukagua mabomba ya moshi, hugonga buti zake mara tatu kizingitini, hata pasipo theluji. Masizi yameingia kwenye mikunjo ya vidole vyake, hayatoki tena. Kila mwaka akimaliza kazi husogeza kifua mbele, ili Bibi Roswitha, mwenye nyumba, aguse kifungo cha dhahabu cha koti lake jeusi, apate bahati kama ilivyo desturi ya huko. "Umezeeka, fundi. Ngazi bado inakukubali?" bibi alimtania asubuhi hiyo. "Ngazi haina neno, mama. Magoti ndiyo yananigomea."

Wanunuzi wa nyumba walikuwa wakisubiri ndani ya gari, nje ya geti. Bila karatasi ya fundi kuthibitisha kuwa dohani ni salama, hawatii saini, na nyumba isipouzwa Bibi Roswitha hawezi kuhamia Bremen kumuuguza dada yake, ambaye hana mtu mwingine. Fundi aliteremsha tufe la chuma ndani ya dohani kutoka juu ya paa, akisikiliza linavyogonga matofali. Aliposhuka, alipiga magoti mbele ya kijilango cha dohani, akaingiza kioo chake, akatazama. Akakifuta kioo kwa leso, akatazama tena, kana kwamba kosa ni la kioo. Alipoinuka, bibi alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea kifungo. Fundi akakifunika kwa kiganja. "Usikiguse leo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ufa umefika mpaka darini. Siwezi kuwaandikia karatasi." Alipoondoa kiganja, kifungo kilikuwa cheusi kwa masizi.