Mpango wa Mashimo Mawili

Ofisini walimwita Bi Una-Hakika, maana hata ukimwambia chai iko tayari, atakuuliza kama una hakika. Kazi yake ilikuwa kupanga mgodi utoe makaa ya mawe kiasi gani kwa mwaka: yatoshe kuendesha viwanda na kulipa mishahara, lakini yasiwaue kwa vumbi watu wa bondeni. Na mama yake mzazi alikuwa mmoja wa hao wa bondeni, kifua kikimbana miaka nenda rudi.

Mwaka huo alipendekeza uzalishaji upunguzwe kwa robo. Alikwenda kwa meneja amejifunga kibwebwe. Meneja alikuwa mtu wa kubishia hata bei ya sabuni ya kunawia, lakini alisoma ukurasa mmoja tu, akatabasamu, akatia sahihi.

"Umeshinda, dada. Afya kwanza."

Wenzake wakampongeza. Yeye hakuamini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, akajisemea.

Tangu hapo akawa anamtazama meneja kwa jicho la pembeni. Alishuku mizani imechezewa. Akaikagua, ikawa sawa. Alishuku malori yanatoka kwa siri. Akawauliza madereva, wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Wewe dada, hata mbinguni utamdai malaika kitambulisho."

Hakucheka. Mwishowe akapanda mwenyewe hadi shimo jipya kati ya mawili ya mgodi, lile la nyuma ya kilima, mbali na nyumba za watu. Lango lilikuwa na mnyororo. Mlinzi alikaa juu ya ndoo, anakata kucha.

"Mbona pamepoa hivi?"

"Si mpango wenu, dada? Meneja kasema makaa yapungue, basi huku kumefungwa, maana kusafirisha ni ghali. Mashine zote zimeteremshwa shimo la zamani. Leo hii wanaanza."

Akautoa mpango mkobani, akausoma upya. Alikuwa amemshuku kila mtu isipokuwa karatasi yake mwenyewe. Aliandika kiasi, hakuandika kitoke shimo lipi. Shimo la zamani lilikuwa juu tu ya nyumba ya mama yake, na sasa lingechimbwa kuliko wakati wowote. Mpango nao ukishatiwa sahihi haufunguliwi hadi mwaka mwingine. Meneja hakukiuka hata neno moja la mpango, na hilo ndilo lililomuuma.

Akateremka bondeni mbiombio. Huko watu huanika nguo ndani, juu ya viti na milango, kwa sababu ya vumbi. Siku hiyo mama yake alikuwa amefunga kamba uani, ameanika mashuka meupe, na mashuka ya jirani yake mgonjwa pia.

"Karibu, mwanangu. Nimewaambia wote, mwanangu ametupunguzia."

Huko juu tingatinga likaanza kunguruma.

"Yaanue, mama."

"Kwani mvua inakuja?"

Alishindwa kumtazama usoni. "Mvua haiji. Nimekosea mimi."

Mama aliigeukia kamba. Alianza kuanua mashuka ya jirani.